Mita Sitini za Waya wa Bluu

Saa nne kasoro robo asubuhi Bi Swaumu alipanda juu ya kichuguu, simu mkononi, akasimama huko juani kama mtu anayelinda ndege shambani. Masoudi alimwona kupitia dirishani akasonya kimoyomoyo. Kila siku mama mkwe wake hupanda pale kutafuta mtandao, asome bei za mnada wa ufuta kwenye makundi yake ya WhatsApp. Leo, bila shaka, alikuwa anaitangazia Chiola nzima kwamba mkwe wake ameoa waya.

Na atangaze tu. Saa nne ikifika, watajua nani ni nani.

Kampuni moja ya madini kule Ruangwa ilimwita Masoudi kwenye usaili wa kazi ya ufundi, kwa njia ya video. Mwaka wa pili huo tangu ahamie ukweni na cheti chake kwenye bahasha, na mwaka wa pili anakula ugali wa Bi Swaumu. Mama huyo hakuwahi kumsema. Hakuwahi hata kumsemesha. Kwa heshima ya mkwe, kila neno lake lilipitia kwa Zulfa, mke wa Masoudi. "Zulfa, muulize mumeo kama ameshiba." Swali hilo lilimchoma Masoudi kuliko tusi.

Shida ni kwamba ndani ya nyumba ile mtandao wa simu ulikatika kila dakika.

"Si ufanyie usaili kichuguuni?" Zulfa alimshauri.

"Mtaalamu wa mtandao haombi kazi juu ya kichuguu," Masoudi alijibu, kwa sauti aliyoipenda mwenyewe.

Alikuwa na mpango wake. Ofisi ya kata, iliyo nyuma ya mipapai, ina intaneti. Neno la siri la Wi-Fi analo mtendaji, naye alikuwa kasafiri. Lakini waya hauulizi neno la siri. Basi akatafuta mita sitini za waya wa bluu, akaenda Nachingwea mjini kununua adapta ya kuuunganisha na simu. Safari ya kwanza alirudi na adapta siyo: ile ya meno tisa, ya kusomea mizani na mita za mitambo. "Hii ni ya baadaye," alimwambia Zulfa, akapanda bodaboda tena.

Ijumaa jioni aliutandaza waya mpaka kwenye dirisha la ofisi. Kichwa cha waya alikifunga nailoni kisiingie vumbi. Kisha akapiga soga na Mudrik, karani wa ofisi, juu ya watu wa Chiola walivyo nyuma kwa teknolojia, mpaka Mudrik akafunga ofisi wakaagana.

Sasa ilikuwa Jumamosi. Simu ya Masoudi iliikataa adapta, kwa hiyo alitumia ya mkewe. Akachomeka waya mfupi wa OTG, ule wa kuunganishia vifaa na simu, akachomeka adapta, akachomeka waya wa bluu. Data akaizima kabisa, asije mtu akasema ni bando. Taa ya kijani ya adapta ikawaka. Ya njano ikagoma.

"Hiyo ya pili ni pambo," alimwambia Zulfa.

Simu ikaandika kwamba hakuna mtandao. Masoudi akachomoa, akapuliza, akachomeka. Hakuna mtandao. Akapuliza tena mpaka kichwa kikamzunguka. Zilibaki dakika tatu.

"Mama kaweka bando leo," Zulfa alisema polepole.

"Mama apumzike. Hii ni kazi ya waya."

Zulfa akachungulia nje, akarudi, akaichukua simu. "Ina vumbi," alisema. Alikifuta kioo kwa ncha ya khanga, akakibonyezabonyeza, akamrudishia. Masoudi akapuliza mara ya mwisho, kwa imani.

Sura za wasaili watatu zikajitokeza, safi kama picha ya pasipoti.

"Tueleze tatizo gumu ulilolitatua karibuni," mmoja wao alisema.

"Ndilo hili mnaloliona," Masoudi alijibu, akainua waya wa bluu mbele ya kamera. Mwamba ngoma huvutia kwake, na siku hiyo Masoudi aliivuta ngoma mpaka ikakaribia kuchanika. Alieleza mita sitini, OTG, taa ya kijani. Nje, Bi Swaumu alikuwa anapigapiga miguu juu ya kichuguu. Masoudi akaona ni kejeli, akazidi kupaza sauti. Usaili ukaenda saa nzima.

"Na mita za zamani," mwingine aliuliza, "zile za meno tisa, umewahi kuzisoma kwa simu?"

Masoudi akaishika ile adapta aliyoinunua kwa makosa, akaiinua. "Sitembei bila hii."

Wakacheka, wakatazamana. "Jumatatu uje Ruangwa uanze kazi. Na uje nayo."

Masoudi alitoka nje machozi yakimlengalenga. Bi Swaumu bado alikuwa palepale, simu juu, wala hakugeuka.

"Waya, Zulfa!" Masoudi alisema kwa nguvu, ili kichuguu kisikie. "Wengine wana bahati, wengine tuna waya."

Akaanza kuukunja kwa madaha, mzunguko baada ya mzunguko, akapita kwenye mipapai, mkewe nyuma yake, mpaka ukutani kwa ofisi ya kata. Dirisha lilikuwa limefungwa tangu jana. Kichwa cha waya kilikuwa kinaning'inia nje kwenye msumari, kingali ndani ya nailoni, fundo likiwa lilelile alilolifunga mwenyewe.

Nyuma yao zikasikika hatua. Bi Swaumu alikuwa ameshuka, jasho likimtiririka, simu kaishika kwa upindo wa khanga kwa jinsi ilivyopata moto. Aliitazama mipapai.

"Zulfa," alisema, "mwambie mumeo bando la mama limekwisha. Na siku nyingine akiomba kazi aombe kwa kifupi, kichuguuni kuna siafu."