Kuku wa Asali wa Mama

Mama alitutoka mwaka juzi, lakini siku hizi oveni hurithi mkono wa mpishi wake na kupika yenyewe, kwa hiyo kila Ijumaa bado tunakula kuku wake wa asali na ukwaju. Chumvi haitoshi, kama enzi zake. Na baba hulalamika, kama enzi zake: "Mama Zuhura, chumvi umemwachia nani?" Kisha hucheka peke yake na kuvuta kikopo cha chumvi.

Ijumaa hii alionja, kikopo hakukigusa.

"Chumvi imekolea," nikasema. "Oveni imekusikia, baba. Imejirekebisha."

Kuku alikuwa mtamu kuliko wote tuliowahi kula. Baba akaisogeza sahani pembeni.

"Zuhura mwanangu," akaniuliza taratibu, "huyu aliyetupikia leo ni nani?"