Kicheko cha Tunu

Uvumi wa saluni ulinikaa rohoni: eti Bi Ruzuna, mwigizaji wa sinema aliyekufa kabla sijazaliwa, siku hizi anajifunza kwetu. Filamu zake arobaini hazina mwisho tena. Kila saa kumi jioni anatokea kwenye ukuta wa sinema sebuleni, leo bibi harusi, kesho mjane, akiigiza mapya huku akitutazama. Enzi zake alisifika kwa kulia. Kucheka hakuwahi.

"Akipenda kitu chako, anaondoka nacho," alisema msusi wangu.

"Basi achukue hiki kitambi, shoga!"

Binti yangu Tunu alikuwa na kicheko cha kukwama katikati, kama mtu aliyepaliwa na chai. Jumatatu, Bi Ruzuna, akiwa na shela lake jeupe, alicheka kicheko hichohicho. Nikamtekenya Tunu kwapani. Akanitazama tu.

"Mama, unatafuta nini?"

Kina mama wenzangu, nawaomba:

Msimwache mtoto peke yake mbele ya ukuta.

Msimchekeshe sinema ikiendelea.

Msiseme ni maneno ya saluni.

Na kicheko kikishaondoka, msiwashe ukuta kila saa kumi ili mkisikie, kama nifanyavyo mimi.