Beseni la Vitunguu

Tangu amzike bintiye, Rodia hakuwa amekanyaga kanisani. Aliziogopa pole za wanawake wenzake. Alhamisi hiyo aliwakuta uani mwa kanisa wakiandaa chakula cha kipaimara, akasimama kando.

"Umechelewa, mwenzangu," alisema Mama Yonazi, ambaye tangu afiwe na mumewe ndiye aliyekata vitunguu vya kila sherehe. Akamsogezea beseni na kisu. "Leo mimi namenya viazi."

Rodia akaketi. Alipofikia kitunguu cha tatu, machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wenzake walikuwa wakibishana kama pilau imekolea chumvi.

Akashusha pumzi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akachukua kitunguu kingine. Beseni lilikuwa bado limejaa.