Sijagusa Wali

Pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kijijini Idete, Serafina alikuwa akimwapia mpepetaji mwenzake kwamba kipimo cha sukari cha kliniki ni kibovu. Mwezi mzima hajagusa wali, anashindia mchicha, na leo tena wamemwandikia kumi na sita, eti iko juu!

Mwenzake akaacha kupepeta. "Sasa dada, hicho unachotafuna ni nini?"

Taya zikasimama. Shavuni mlikuwa na mchele mbichi, umeshalainika, mtamu. Hakukumbuka kuutia mdomoni.

Akautema kiganjani, akautazama. Kisha akajifunga kanga mdomoni, akakaza fundo kisogoni, akashika tena ungo.

Kabla ungo wa kwanza haujaisha, vidole vyake vilikuwa vimeshagonga kitambaa cha mdomoni mara tatu.