Sifuri Kwenye Nafasi ya Dakika

Tarmo alikuwa akihamishia seva ya sauti ya kikosi chao cha mchezo wa mtandaoni kwenye kompyuta mpya alipofungua orodha ya waliofungiwa. Ilikuwa na jina moja tu: Kontio.

Miaka minne nyuma Kontio alimtukana katikati ya mechi, naye akamtoa nje kidogo apoe. Kwenye nafasi ya dakika aliandika sifuri, akidhani mtu angerudi papo hapo. Walijuana kwa sauti tu, na sauti ile haikusikika tena.

Sasa akasoma maandishi madogo pembeni. Sifuri maana yake milele.

"Bosi, umelala?" mwenzake akauliza kwenye hedifoni.

"Nimeona jina la Kontio."

"Mnunaji yule? Mwache na kiburi chake!"

Kahawa ya Tarmo ilikuwa imepoa, imefanya utando. Akafungua kumbukumbu za waliokataliwa mlangoni. Kontio alikuwa amebisha hodi mara mia mbili na tatu, kila Jumapili saa kumi na moja jioni, saa yao ya kucheza. Mara ya mwisho, Jumapili iliyopita.

Tarmo akalifuta jina kwenye orodha.

"Bosi, Jumapili ndiyo hii, tuanze basi!"

"Ngojeni," alisema. "Bado dakika mbili."