Picha ya Miguu ya Mwanahawa

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tisa Machi 2071, Shekalaghe alipomwambia mkewe Mwanahawa kwenye foleni, "Pita wewe kwanza, mama Zuhra." Namba walikuwa wameshapewa kwa mpangilio wa foleni, na wakubwa wa kituo walifuata namba tu, hawakuona haja ya kuuliza majina. Sheria ilitaka kila mtu mzima apigwe picha ya sumaku ya mishipa ya damu miguuni, na mguu ulioziba ukatwe siku hiyohiyo. Shekalaghe, aliyekuwa akichechemea, akaambiwa yu mzima. Mwanahawa, aliyekuwa akipanda mlima na mzigo wa kuni kichwani, akakatwa miguu yote miwili. Siku ya tatu akazikwa.

Mwaka uliofuata mgane huyo alirudi na mchi wa kinu wa marehemu. Panga lingezuiliwa mlangoni, maana sumaku haitaki chuma; mti ulipita kama mkongojo. Ndani akamvunja mlinzi taya, kisha akamvunja mpiga picha mkono.

"Mzee wangu, utaniua!"

"Nitakuua, lakini nipige picha kwanza, mbwa we!"

Shekalaghe akajilaza kwenye mashine na mchi wake mkononi, mpiga picha akabonyeza kwa mkono uliobaki, huku damu ikimchuruzika puani. Mashine ikagonga weee, hata picha ikatoka. Mishipa ilikuwa imeziba chini ya magoti yote mawili.

"Hii haikuanza jana, mzee," akanong'ona. "Ni ya miaka."

Walinzi wengine wakaingia na wakataji wao. Shekalaghe akautupa mchi, akabaki amelala palepale.

"Kateni," akasema. "Ila niambieni, mke wangu mlimkatia miguu ya nani?"