Mgonjwa wa Kumi na Mbili

"Barua ya rufaa?"

Muuguzi mkuu alisimama mlangoni, sinia la bandeji mkononi. Kwa miaka tisa hakuwahi kumwona daktari akiandika barua hiyo kwa mgonjwa wa mshipa wa mguu.

"Ndiyo, dada. Gari la wagonjwa liko njiani."

"Na hesabu yetu je?"

Hesabu wote waliijua. Kitengo kisichozibua mishipa ya wagonjwa kumi na wawili kwa mwaka hufungwa. Wao walikuwa wamefikisha kumi na mmoja, na mwaka ulibakiza siku nne. Muuguzi alikuwa akijifariji kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kitengo kikifungwa, yeye atahamishiwa chumba cha chanjo. Na daktari, ambaye tangu afiwe na mkewe hakuwa na kwao pengine zaidi ya wodi hii, ataenda wapi?

"Mgonjwa amekataa kutibiwa hapa?"

"Hatujafika huko." Daktari hakuinua macho. "Mimi na daktari mwenzangu tunafanya mmoja kwa mwezi, na mwezi mwingine hatupati hata huyo. Hospitali kuu wanafanya kumi kwa wiki. Mkono unaofanya kila siku hausahau. Kule miguu mingi zaidi hupona, dada. Takwimu ninazo tangu zamani."

Tangu zamani! Neno hilo lilimchoma muuguzi. Mwezi wa tano, fundi viatu aliuliza kama aende hospitali kuu. Daktari alimpigapiga begani: "Kule mbali, baba, utahangaika bure. Hapa uko nyumbani." Fundi viatu alitoka hapa na mguu mmoja.

Labda ndiyo sababu, aliwaza muuguzi. Labda yule fundi amemkaa rohoni. Hasira zikamwisha, akamwonea huruma. Kukubali kitengo chako kife kwa ajili ya mguu wa mtu mmoja si jambo dogo. Kumbe ndiyo maana wiki zote hizi alikuwa mnyonge, akizunguka wodi polepole, akisimama na kuegemea kila kitanda cha pili, na vitanda vyenyewe karibu vyote vitupu.

"Nani atamsindikiza?" aliuliza kwa upole.

"Hana mtu."

"Hata jirani?"

"Hana, dada."

Honi ililia uani. Dereva akaingia akisukuma machela, akaangaza macho chumba kizima.

"Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Daktari alifunga bahasha. Akavua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akamkabidhi muuguzi. Kisha akavua kiatu cha kushoto, ambamo vidole viwili vilikuwa vimeshaanza kuwa vyeusi, akajilaza kwenye machela.